Maonyesho Yakifungwa

Mvua ya juzi ilipita chini ya mlango ikalowesha magazeti niliyokuwa nimeyatandika sakafuni, na nilipoamka chumba kizima kilinuka karatasi kuukuu iliyoloa. Si harufu nzuri. Inafanana na unga uliosahaulika ndani ya maji. Mtu mwingine angefungua mlango itoke. Mimi nilibaki kitandani nikaivuta, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya veranda ya Guka, na katika kuzunguka kwangu kote, na nyumba zote za watu nilizolala, sikuwahi kukutana nayo tena hadi asubuhi hiyo.

Nilimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, lakini hakuwa babu yangu. Alikuwa mzee Mkikuyu aliyeishi peke yake Lavington katika nyumba iliyomzidi, na mamangu alikuwa akimfulia nguo. Siku nilizorudishwa kutoka shule, na zilikuwa nyingi, nilifuatana na Mama kutoka Soweto, Kibera, tukakata kupitia Kawangware hadi kwenye lango lake. Alikuwa nusu kiziwi na mpenda ubishi. Alikuwa akichukua shati kutoka kwenye kamba, akilishika mbele ya jua na kuuliza, "Mama Nafula, hii umeifua ama umeiombea?"

"Nimefanya zote mbili, mzee," Mama alijibu. "Hiyo kola ilikuwa inahitaji maombi."

Kwenye veranda palikuwa na beseni mbili. Moja ya Mama, yenye sabuni na soksi. Ya pili ya Guka, yenye maji matupu, na ndani yake vipande vya bahasha vikielea. Stempu ziliachana na karatasi zenyewe, taratibu, kama ngozi inavyoachana na maziwa yaliyopoa. Kazi yangu ilikuwa kuziopoa kwa kibanio na kuzilaza juu ya gazeti, uso chini. "Usishike na vidole, kairetu," aliniambia, yaani msichana kwa lugha yake. "Vidole viko na mafuta." Nilikaa pale hadi magoti yakaota alama za sakafu. Shuleni sikuweza kukaa hata nusu ya muda huo.

Mwanzoni nilipenda zile safi. Nilidhani duara jeusi lililopita juu ya picha ni uchafu, na mara moja nilijaribu kulisugua kwa ukucha. Guka alinipokonya kibanio.

"Unafuta nini?"

"Doa."

"Hiyo ni muhuri! Hii isiyo na muhuri ilikaa tu kwa droo kama mtoto wa tajiri. Hii imegongwa, imesafiri, imefika. Imefanya kazi."

Kati ya zote, alizozificha kabatani na kuzitoa akiwa na furaha zilikuwa za maonyesho. Moja ilikuwa na simba aliyesimama, jua likichomoza nyuma yake, na kichwa cha mfalme pembeni kama mtu anayechungulia. Nyingine zilitoka kwa Wafaransa, zikiwa na nyuso za watu weusi, wekundu na wa manjano zilizopangwa kama matunda sokoni. Na juu yake mihuri, mizuri kuliko yote, yenye maneno ya Kizungu ambayo Guka aliyasoma kwa sauti ya kanisani. Nilimwuliza maonyesho ni nini. Nilijua ya ng'ombe na matrekta tu.

"Wazungu walikuwa wanajenga mji mzima huko kwao," aliniambia. "Kila nchi waliyotawala inapewa nyumba yake. Wanaleta kahawa, katani, pembe za ndovu. Na watu."

"Watu wa kuuza?"

"Wa kuangaliwa. Wanatolewa mbali, wanajengewa kijiji cha udongo, wanakaa hapo wakipika na kusuka vikapu, na wageni wanapita wakipiga picha."

"Na wanalala hapo hapo?"

"Hapo hapo. Na ndani iko posta yake. Ukituma barua kutoka hapo inagongwa muhuri ambao hauko mahali pengine duniani. Halafu siku inafika, maonyesho inafungwa. Wanabomoa kila kitu. Zile nyumba, kile kijiji, mpaka posta yenyewe."

"Na muhuri?"

"Muhuri utabomolewa aje? Si ulishaondoka na barua?"

Nikamwuliza wale watu wa kijiji walienda wapi. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akamwinamia yule simba.

"Hiyo," alisema, "stempu haisemi."

Nilirudi Soweto jioni hiyo nikiwa mtoto mwenye siri kubwa. Nilikuwa nimegundua tunaishi wapi. Kila juma wageni walipita mbele ya mlango wetu, wamevaa kofia za jua, wakimfuata kijana wa kuwaongoza, na kila mmoja alikuwa na kamera. Walimpiga picha Mama Mwende, jirani yetu kutoka Kitui, akikaanga mihogo, naye akiwapigia kelele, "Piga, piga, lakini si ununue hata kamoja!" Waliupiga picha mlango wetu wa mabati na mimi nikiwa nimeegemea. Nyumba zetu zilikuwa za udongo. Hakuna mtu mzima niliyemjua aliyezaliwa pale. Sote tulitolewa mbali. Mama aliposema "nyumbani" hakumaanisha Soweto hata siku moja, alimaanisha magharibi, kwenye migomba ya mamake. Kila kitu kililingana. Tulikuwa maonyesho. Jambo hilo halikuniuma hata kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba sikuwa nimeiona posta yetu.

Baba wakati huo alikuwa Sudan Kusini. Alienda kwa kazi ya mjengo pamoja na mafundi wengine, na akapiga simu mara kadhaa kupitia kwa Mama Mwende, ambaye pekee kati yetu alikuwa na simu. Kisha ile simu ikaibwa, na laini ikaenda nayo, na namba ya Baba ikaenda na laini. Mama hakujua kuandika. Hata angejua, angeandikia wapi? Lakini hakuonyesha wasiwasi. Watu walipomwuliza alisema, "Anajua mlango." Alilisema neno hilo akiwa anachambua mboga, akiwa ananisuka, akiwa amelala na kunigeuzia mgongo. Anajua mlango.

Mwaka huo watoto wa Guka walikuja wakamchukua, wakauza nyumba. Siku ya mwisho alinipa zile stempu za maonyesho alizokuwa nazo mbilimbili, zimejaa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mama alipewa mashati. Wiki chache baadaye akapita mtu Soweto akiwa na rangi nyekundu na brashi, akichora X kwenye milango, akifanya kazi yake haraka na bila chuki, kama anayepaka mafuta mandazi. Mlango wetu ulipata X kubwa iliyochuruzika hadi chini.

Nyuma yake alikuja mzee wa kijiji na kipaza sauti. Barabara ingepita hapo. "Yule ako na barua ya serikali yenye muhuri, akae na amani," alisema. "Yule hana muhuri, aanze kupanga vitu vyake."

Watu walipiga mayowe, wengine wakamrushia maganda. Mimi nilijua kinachotokea kuliko wote. Maonyesho yalikuwa yanafungwa.

Mama alianza kuzunguka akitafuta muhuri. Alienda kwa chifu, akaambiwa aende kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba aliishi Kawangware. Alimwambia akiwa mlangoni, hata kiti hakumpa, kwamba muhuri ni wa wenye nyumba, mpangaji hana muhuri, mpangaji ana miguu. Alirudi na maneno hayo akayatua katikati ya chumba kama mzigo wa kuni. Baada ya hapo hakupika. Alikaa chini, mgongo kwenye mlango, na mtu alipotaka kutoka ilibidi amwombe asogee.

Mama Mwende alikuja kumbembeleza. "Twende Kabiro, Mama Nafula. Kuna vyumba. Hapa kumeisha."

"Siwezi."

"Sasa utakaa uangukiwe na ukuta?"

"Na huyo mwanamume akikuja? Akute barabara? Atauliza nani, tingatinga?"

"Atauliza watu."

"Watu gani? Si nyote mnaenda?"

Mama Mwende alimwomba asogee, akatoka. Alikuwa mtu wa kujibu kila kitu, na nilipoona amekosa jibu ndipo hofu iliponiingia kweli. Nilielewa kwamba Baba alikuwa kama barua iliyokwisha kutumwa. Ilikuwa njiani. Na hawa watu walitaka kuibomoa anwani.

Siku iliyofuata Mama alipoenda kutafuta kibarua cha kufua, nilikoroga unga na maji kwenye sufuria nikapika gundi. Niliufungua mkebe. Nilizibandika zote kuizunguka ile X, nyingine juu yake kabisa, simba kwa simba, mfalme kwa mfalme, nikihakikisha mihuri inaonekana. Jua lilizikausha zikashika. Watoto walikuja kutazama, na hakuna aliyecheka, kwa maana wao pia walikuwa wamesikia kipaza sauti.

Mama alirudi akasimama mbele ya mlango, karai likiwa bado kichwani.

"Hii ni nini?"

"Ni muhuri. Ya serikali."

"Serikali gani?"

"Ya Wazungu. Ya maonyesho. Guka alisema haiwezi bomolewa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Badala yake alitua karai, akausogelea mlango na kuanza kuigusa, muhuri baada ya muhuri, akizungusha kidole kwenye kila duara. Nimelifikiria tendo hilo katika miji mingi. Mamangu hakuwa mjinga. Aliwahi kumshinda Guka katika mabishano ambayo Guka mwenyewe alikuwa ameyaanzisha. Alijua, nadhani, kwamba mtoto wake amebandika karatasi. Lakini alikuwa ametafuta muhuri kila mahali ambapo mtu mzima anaweza kuutafuta, akaukosa, na sasa ilikuwepo mingi, myeusi na mizito, kwenye mlango wake mwenyewe.

"Muhuri ni muhuri," alisema. Akaingia ndani akawasha jiko, na jioni hiyo tulikula.

Ndiyo sababu hatukupanga vitu. Siku tingatinga lilipofika, majirani walikuwa wameshatoa vitanda, sufuria na mabati ya paa, wameyarundika kando ya reli. Sisi tulikuwa tumesimama mbele ya mlango uliofungwa, Mama akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisa. Vijana wa kubomoa walifika, wakaona, wakaangua kicheko. "Cheki hii! Hawa wamebandika mfalme kwa mlango!"

Msimamizi wao alikuja, mwanamume mnene mwenye viatu vilivyojaa matope. "Nani ameweka hii takataka?"

"Soma," Mama alisema.

"Nini?"

"Nimesema soma. Iko na muhuri. Si mlisema wenye muhuri wakae na amani?"

Vijana walizidi kucheka. Msimamizi hakucheka. Aliinama, mikono kwenye magoti, akasoma duara moja, midomo ikitembea, kisha la pili. Nilimtazama usoni. Niliona anasoma kweli, na kwa muda ule mfupi niliamini tumepona.

"Mama," alisema, kwa sauti ya chini ili vijana wake wasisikie, "hii serikali iliondoka kabla mimi nizaliwe."

"Lakini muhuri si uko?"

"Uko."

"Basi."

Alijifuta uso kwa mkono. Dereva wa tingatinga alipiga honi. Msimamizi alimwonyesha kiganja angoje, kisha akatugeukia. "Toeni mlango," alisema. "Nyumba siwezi. Mlango beba. Toeni haraka."

Mama hakusogea. Mama Mwende ndiye aliyekuja na nyundo, akang'oa bawaba akilia na kutukana kwa Kikamba, huku vijana wale wale waliokuwa wakicheka wakitutolea godoro na masufuria. Ukuta ulipoanguka haukupiga kelele niliyoitarajia. Ulikaa tu chini, kama mtu aliyechoka, na vumbi likatufunika sote. Nililia kwa hasira. Guka alikuwa amenidanganya. Sikuelewa wakati ule kwamba alisema sawasawa kilichotokea: nyumba zilibomolewa, na muhuri ukaondoka.

Uliondoka kichwani mwa mamangu. Alitembea nao hadi Kabiro, mlango mzima, akikataa mkokoteni. Fundi aliung'oa mlango uliokuwepo kwenye chumba kipya akaweka wetu, na Mama alisimamia kazi hiyo hadi alipoona stempu zimeangalia nje.

Tangu hapo alikuwa na siku zake za kwenda Soweto, "kusalimia watu". Nami nikaanza kuona stempu zikipungua. Nilidhani ni mvua. Kisha nikadhani ni watoto wa ploti, wa vyumba jirani, nikapigana na mmoja hadi tukatoana damu. Mama alitutenganisha, akatuosha damu sote wawili. Zilipungua moja moja, simba akaenda, mfalme akaenda, na kila iliyotoka iliacha kiraka safi kwenye bati. Baba hakuja. Shule niliiacha bila hata kuiaga, na baadaye Kabiro pia. Nimeuza maji Busia, nimepikia mafundi Lodwar, nimelala Juba kwa msimu mmoja nikiuliza kila mtu mwenye mwiko wa saruji kama anamjua mtu fulani. Watu huniita mtu wa miguu ya upepo. Ukweli ni kwamba bado niko kwenye lile swali nililomwuliza Guka. Nataka kujua watu huenda wapi maonyesho yakifungwa.

Mama alikufa kabla ya mvua hizi. Tulimzika nyumbani, kwenye migomba. Nilirudi Kabiro kwa jambo moja tu, kutoa vitu na kurudisha ufunguo. Mlango haukuwa na stempu hata moja. Palikuwa na ile X iliyofifia, imezungukwa na viraka vidogo vya mraba ambavyo kutu haikuvifikia.

Nilienda Soweto kumpa habari Mama Mwende. Alirudi huko barabara ilipokwisha kujengwa, na sasa ana kibanda chini ya ghorofa mpya. Bado anakaanga mihogo, macho yamepungua nguvu. Alilia kwanza. Kisha akajifuta, akaingiza mkono kifuani, akatoa kipochi, na kutoka kwenye kipochi akatoa karatasi ya nailoni iliyokunjwa. Ndani yake alikuwemo simba.

"Mamako aliniachia," alisema. "Si mimi peke yangu. Yule wa viatu pale ako na yake. Yule wa makaa alikuwa na yake mpaka akakufa. Kila mtu anayekaa hapa barabarani mamako alimpatia moja. Alikuwa anasema, mwanamume akikuja anauliza, mwonyeshe hii, mwambie atafute mlango wa namna hii, Kabiro."

Mamangu, ambaye hakuwahi kuandika barua, alikuwa ametuma mkebe mzima.

"Na aliwahi kuja?" niliuliza.

"Hapana, mama." Alimtazama yule simba kwa karibu, kama Guka. "Sasa Mama Nafula hayuko. Huyo baba yako akikuja leo, nimwambie nini?"

Nilikuwa na begi mgongoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni, tayari kurudishwa. Nilijua, kama ninavyojua sasa, kwamba hakuna mtu anayekuja.

"Mwambie Kabiro," nilisema.

"Atamkuta nani?"

"Mimi."

"Wewe!" Alicheka na machozi yakiwa bado usoni. "Wewe utakaa Kabiro? Haya. Basi chukua simba yako, ni ya mamako."

Nilimfungia simba kwenye nailoni yake nikamrudishia. "Kaa nayo," nilimwambia. "Imegongwa muhuri, lakini haijafika."

Kwa hiyo niko hapa. Magazeti yamekauka sasa na ile harufu imekwisha. Wageni hawapiti Kabiro na kamera. Miguu inaniwasha, hasa asubuhi, ninaposikia watu wakienda kazini. Nyayo zikipunguza mwendo nje ya mlango, mimi huacha ninachofanya. Kisha zinapita.